Kifurushi "maarufu" ni kipi hasa?

Kila unapowadia wakati wa kuamua ni vifurushi vipi vya programu huria (yaani programu zilizofungwa pamoja na faili zake, tayari kusakinishwa) viendelee kutunzwa na vipi viachwe, husikika kauli ileile, nami nimeisikia tena juzi: "Hiki si maarufu, maana yake hakuna anayekihitaji." Nusu ya kwanza ya kauli hiyo yaweza kuwa kweli. Nusu ya pili haitokani nayo hata kidogo.

Umaarufu wa kifurushi, kama watunzaji wanavyoutumia, ni kadirio la idadi ya kompyuta zilizokisakinisha, au la idadi ya watu waliojitokeza kukiunga mkono. Maana yenyewe inaishia hapo.

Neno lenyewe lingeweza kutuonya mapema. "Maarufu" ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kitu kinachojulikana, na mzizi wake ndio uliotupa pia maarifa, kuarifu na taarifa. Kwa hiyo kitu huwa maarufu kwa sababu habari zake zimefika, na zikafika kwa sababu yupo aliyezileta. Palipo na ukimya hapana umaarufu, lakini matumizi yaweza kuwapo, tena makubwa.

Utegemezi huo wa taarifa unaonekana waziwazi katika Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, ambako kuna programu iitwayo popularity-contest, au popcon kwa kifupi, inayotuma kila wiki orodha ya vifurushi vilivyomo katika kompyuta. Mtu anaposakinisha mfumo huulizwa kama angependa kushiriki, na jibu lililowekwa tayari ni hapana, hivyo wanaohesabiwa ni wale tu waliojitolea. Chumba cha kompyuta cha shule isiyo na intaneti hakimo katika hesabu hiyo, hata kama wanafunzi mia moja hupokezana mashine zake kila siku. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, ambayo kwa kawaida yake hutumika mahali kama hapo, itaonekana haina wenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni safu moja ya takwimu za popcon ambayo jina lake hutafsiriwa kuwa "kura". Kura kwa asili ilikuwa bahati nasibu: watu waliipiga ili jambo liamuliwe na kitu kilicho nje ya matakwa yao. Leo kupiga kura ni kinyume chake, yaani mtu kutamka analolitaka. Katika popcon hakuna aliyetamka lolote. Programu hutazama ni lini faili za kifurushi zilisomwa kwa mara ya mwisho, na zikiwa zimesomwa ndani ya mwezi mmoja uliopita, kifurushi huhesabiwa kuwa kinatumika. Kompyuta ambayo diski yake imepangwa isiandike muda wa faili kusomwa, kama wanavyofanya baadhi ya wasimamizi wa seva ili kuipunguzia diski kazi, hukifanya kifurushi kionekane kimelala ilhali kinafanya kazi usiku na mchana. Kwa upande mwingine, maktaba ya programu (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) iliyovutwa na kifurushi kingine hupata "kura" nyingi kutoka kwa watu wasiolijua hata jina lake.

Kura za kweli, zinazopigwa na watu kwa hiari yao, zipo katika AUR, ghala la vifurushi la jumuiya ya Arch Linux, mfumo endeshi mwingine huria. Huko, ili kifurushi kiingizwe katika ghala rasmi, kanuni imekuwa kwamba kiwe na kura 10, au kionekane katika asilimia 1 ya kompyuta zinazotoa taarifa. Lakini walioandika kanuni hiyo waliambatanisha misamaha: vifurushi vya lugha, vya kuwawezesha watu wenye ulemavu, viendeshi vya vifaa, na vile vinavyotegemewa na vifurushi vilivyokwisha kufikia kiwango. Walielewa kwamba programu inayomwezesha asiyeona kusoma skrini kwa nukta nundu haitapata kura nyingi, kwa kuwa wanaoihitaji ni wachache, na kila mmoja wao akiikosa hana kompyuta.

Sisemi idadi zitupwe. Mtunzaji ana saa chache baada ya kazi yake ya mchana, na lazima achague kwa kipimo fulani. Ila atamke kile alichokipima. Badala ya "hakuna anayekihitaji," aseme: "Miongoni mwa kompyuta zilizokubali kutuarifu, chache ndizo zilizofungua faili zake mwezi uliopita," kisha, kabla ya kukifuta, aulize kama wapo wengine ambao taarifa zao hazikuwa na njia ya kumfikia.