Mwanamuziki chipukizi wa jazi hukomaa akipiga kando ya waliomtangulia

Kila mwaka vyuo vya muziki hutoa vijana wanaosoma noti bila kusitasita, wanaopiga skeli, yaani ngazi za sauti, katika funguo zote 12 na ambao kasi ya vidole vyao huwashangaza hata walimu, na bado miezi hupita bila yeyote kuwapigia simu kuwaita kazini. Kasoro haiko katika masomo yenyewe. Shahada ya muziki wa jazi imekuwapo tangu mwaka 1947, pale chuo ambacho leo kinaitwa University of North Texas kilipoianzisha kwa jina la heshima zaidi la wakati ule, muziki wa bendi za dansi. Kinachokosekana ni muda wa kupiga kando ya mtu ambaye tayari anaishi kwa kazi hiyo, mbele ya wasikilizaji waliolipa kiingilio.

Kabla ya vyuo kuenea, bendi ndiyo iliyokuwa chuo. Mpiga drams Art Blakey aliongoza Jazz Messengers kwa zaidi ya miaka 30, na kundi hilo lilipitiwa na Lee Morgan, Wayne Shorter, Freddie Hubbard na, mwaka 1980, Wynton Marsalis aliyekuwa bado kijana wa chini ya miaka 20. Blakey mwenyewe hakuwa mtunzi wa nyimbo nyingi, hivyo aliwataka vijana walete tungo zao, akazipiga kila usiku hadi mtunzi akasikia kwa masikio yake mahali ambapo wimbo unalegea. Mwimbaji Betty Carter alifanya vivyo hivyo kwa wapiga piano, besi na drams. Benny Green, kwa mfano, alipiga piano kwake kabla ya kuhamia kwa Blakey. Mwaka 1993 Carter aliugeuza utaratibu wake kuwa programu ya vijana iitwayo Jazz Ahead, ambayo baadaye ilipata makao katika kituo cha sanaa cha Kennedy Center mjini Washington.

Mtu asiyefahamu muziki huu anaweza kudhani kwamba mlezi, yaani mwanamuziki mzoefu anayemchukua kijana chini ya mkono wake, hufundisha namna ya kubuni sauti papo hapo. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi yake ni kumfundisha kijana kusikiliza: kujua lini mpiga piano anyamaze ili besi isikike, namna ya kufupisha zamu yako ya kupiga peke yako pale mwenzako aliyetangulia amekwisha kusema yote, na kutambua kwa macho tu kwamba kiongozi anataka wimbo ufikie mwisho. Mambo haya hayaandikiki katika noti. Clark Terry, mpiga tarumbeta aliyemsaidia Miles Davis na Quincy Jones walipokuwa vijana, aliwapeleka wanafunzi wake kwa hatua tatu: kuiga wakubwa, kukimeza walichokiiga mpaka kiwe chao, kisha kubuni. Vijana wengi hutaka kuanzia hatua ya tatu. Mlezi mwema humrudisha kijana kwenye rekodi, amwimbishe zamu nzima ya mpigaji fulani kwa mdomo kabla hajagusa ala.

Upande wa pili wa ulezi hauna mvuto, na kwa maoni yangu ndio unaopuuzwa zaidi. Kijana anapaswa kujua kwamba wimbo una haki za aina mbili, ya utunzi na ya rekodi, na kwamba kubuni zamu nzuri juu ya wimbo wa mtu mwingine kwa kawaida hakumpi mirabaha ya mtunzi. Kizazi cha mpiga saksafoni Charlie Parker kilijua njia halali ya kupita hapo: kiliuchukua mfuatano wa korodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) wa wimbo unaojulikana, ambao kwa kawaida haulindwi kama melodi inavyolindwa, kikaandika juu yake melodi mpya. Melodi hiyo ikawa mali ya mwandishi wake. Mlezi aliyewahi kusaini mkataba mbaya ana thamani kubwa hapa, kwani ataketi na kijana na kusoma kila kifungu, hasa kile kinachosema nani atazimiliki rekodi mkataba ukishakwisha.

Taasisi zinazotaka kusaidia hupenda semina ya siku moja ya mwanamuziki maarufu, kwa kuwa picha zake hupendeza. Semina hiyo ina faida, lakini ni ndogo. Fedha hizohizo zingetumika vizuri zaidi kumlipa mwanamuziki mzoefu, hata asiye na jina kubwa, akae na vijana wachache kwa msimu mzima na kuwapandisha jukwaani katika maonyesho yake, huku vijana nao wakilipwa. Uteuzi ukiachwa kwa mazoea, wapiga ala wa kike husahaulika, ingawa katika miaka ya 1940 nyumba ya mpiga piano Mary Lou Williams huko Harlem, New York, ndiyo iliyokuwa kijiwe cha wapiga piano Thelonious Monk na Bud Powell. Mpiga drams Terri Lyne Carrington alianzisha mwaka 2018, katika chuo cha Berklee, taasisi inayoshughulikia suala hilo moja kwa moja.

Ulezi pia unahitaji kikomo. Mwaka 1922 Joe Oliver alimwita Louis Armstrong kutoka New Orleans aje Chicago kupiga koneti ya pili (ala inayofanana na tarumbeta) katika bendi yake, na kijana huyo angeweza kubaki wa pili kwa miaka mingi kwa sababu ya heshima aliyokuwa nayo kwa mwalimu wake. Aliyemsukuma aondoke mwaka 1924 ni Lil Hardin, mpiga piano wa bendi hiyohiyo na mkewe, ambaye aliona kwamba nafasi ile imekuwa finyu kwake. Kabla mwaka haujaisha, Armstrong alikuwa New York katika bendi ya Fletcher Henderson.