Je, wajua kwa nini riba ilipopanda, bei za nyumba Huntsville hazikuporomoka?

Januari 2021, wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 nchini Marekani ulishuka hadi asilimia 2.65, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Kufikia Oktoba 2023 wastani huo ulikuwa umefika asilimia 7.79. Wengi walitarajia bei za nyumba ziporomoke, hasa katika kaunti za Kusini ambako zilikuwa zimepanda kwa kasi wakati wa janga la Uviko-19. Kaunti ya Madison, iliyoko kaskazini mwa Alabama na ambayo makao yake ni Huntsville, ni mojawapo ya kaunti hizo. Ununuzi ulipungua na kasi ya bei ikatulia, lakini anguko lililotabiriwa halikutokea.

Jibu la haraka ni kwamba Huntsville ina ajira nyingi, na hilo ni kweli. Kambi ya Redstone Arsenal ina wafanyakazi zaidi ya 40,000, kituo cha Marshall cha NASA kimekuwa hapo tangu 1960, na kiwanda cha Mazda na Toyota kilianza kuunda magari mwaka 2021. Kati ya sensa ya 2010 na ile ya 2020, wakazi wa kaunti waliongezeka kutoka 334,811 hadi 388,153. Hata hivyo, ajira zinaeleza tu kwa nini wanunuzi hawakuisha. Hazielezi kwa nini wauzaji waliadimika, na waliadimika hata katika miji isiyo na kambi wala kiwanda.

Dhana iliyozoeleka husema kwamba riba ikipanda, wanunuzi hupungua, na wanunuzi wakipungua bei hushuka. Sehemu ya kwanza ni sahihi. Kosa limo katika kudhani kwamba riba humgusa mnunuzi peke yake, huku muuzaji akibaki pale pale akisubiri mteja. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wana sababu zaidi ya kuiamini dhana hii, kwa kuwa huku mikopo mingi ya nyumba hutolewa kwa riba inayobadilika: benki ikipandisha riba, marejesho ya kila mwezi hupanda hata kwa aliyekopa miaka mitano iliyopita, na anayeelemewa hulazimika kuuza. Marekani mambo huenda kinyume. Mikopo mingi ya nyumba huko ina riba isiyobadilika kwa miaka yote 30, kwa hiyo riba ya soko inapopanda, mwenye mkopo wa zamani haongezewi hata senti moja. Halazimiki kuuza, kinyume chake, anapata sababu kubwa ya kutouza.

Hali yake ni kama ya abiria aliyekata tiketi ya safari ndefu kabla nauli haijapanda. Maadamu yumo ndani ya basi, nauli mpya haimhusu. Lakini akishuka njiani ili apande basi jingine, hata kama ni la daraja lile lile, atalipa bei ya leo. Chukua mkopo wa dola 300,000. Kwa riba ya asilimia 3, marejesho ni takriban dola 1,265 kwa mwezi. Kwa asilimia 7, ni takriban dola 1,996. Mtu anayehama kutoka nyumba moja kwenda nyingine ya thamani ile ile, kwa mkopo wa kiasi kile kile, anajiongezea zaidi ya dola 700 kila mwezi bila kupata hata chumba kimoja cha ziada. Tiketi hiyo, isitoshe, kwa kawaida haihamishiki: nyumba ikiuzwa, mkopo hulipwa wote, na ile riba nafuu hupotea.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba mpango huu unamlinda mkopaji upande mmoja tu. Riba ikipanda, mkataba wake haubadiliki; ikishuka, anaweza kuchukua mkopo mpya wa bei nafuu na kuulipa ule wa zamani, mara nyingi bila faini. Benki huweza kukubali masharti hayo kwa sababu mikopo mingi haikai kwao: tangu Fannie Mae ilipoundwa mwaka 1938, na Freddie Mac mwaka 1970, kumekuwapo taasisi za kuinunua mikopo hiyo, na hatari ya riba huishia kwa wawekezaji.

Matokeo yake yamepimwa. Watafiti wa wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia taasisi hizo, FHFA, walikadiria kwamba kati ya robo ya pili ya 2022 na mwisho wa 2023, hali hii ya wenye mikopo nafuu kufungwa katika nyumba zao, kana kwamba kwa kufuli, ilizuia mauzo ya nyumba yapatayo milioni 1.33. Kwa makadirio yao, upungufu wa wauzaji ulipandisha bei kwa asilimia 5.7, ilhali riba yenyewe ilizishusha kwa asilimia 3.3. Nguvu iliyotarajiwa kushusha bei ilikuwapo kweli, ila ilizidiwa na nyingine iliyozaliwa na riba ile ile.

Takwimu hizo ni za nchi nzima, na hazipaswi kubebwa zima zima hadi Madison. Wanajeshi na watumishi wa serikali kuu wanapopewa uhamisho huondoka hata kama mkopo wao ni wa asilimia 3, kwa hiyo huenda kufuli hilo likawa jepesi kidogo katika kaunti kama hii. Kuna pia wajenzi, ambao hawana mkopo wa zamani wa kuulinda. Mjenzi mwenye nyumba 40 tupu katika shamba lililokuwa la pamba lazima aziuze, na njia mojawapo anayotumia ni kumlipia mnunuzi sehemu ya riba badala ya kupunguza bei iliyotangazwa. Penye ardhi tambarare kama pande za Harvest na Meridianville, nyumba mpya huziba sehemu ya pengo lililoachwa na wasiouza, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya bei kutulia badala ya kuendelea kupaa.

Kwa miaka ijayo, kufuli litalegea polepole, kwa kuwa watu huoa, hutalikiana, hustaafu na kufariki bila kungoja riba ishuke. Uchumi wa kaunti nao utaendelea kufuata bajeti ya Washington. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba makao makuu ya Kamandi ya Anga za Juu ya jeshi la Marekani yatahamishwa kutoka Colorado Springs kwenda Huntsville. Wafanyakazi watakaohama na ambao walinunua nyumba Colorado kabla ya 2022 watakabiliwa na hesabu hii hii: kuuza na kuupoteza mkopo nafuu, au kuipangisha nyumba ya kule na kufika Madison bila fedha ambazo mauzo yangewapa. Watakaoamua kupangisha watakuwa na kiasi kidogo zaidi cha kutanguliza kwa nyumba ya Alabama.