Reli za Unguja: Kutoka Chukwani hadi Bububu

Wapo wanaouliza kama reli inayopangwa kutoka Lamu itakufa kama zilivyokufa reli za Unguja, basi na tuanze na habari za hizo za Unguja. Katika zama ambazo Lamu ilikuwa chini ya liwali aliyewekwa na Sultani wa Zanzibar, Sultani mwenyewe alikuwa na reli yake. Seyyid Barghash bin Said aliijenga mwaka 1879 kutoka kasri lake la mjini hadi kasri la Chukwani, kusini mwa mji, umbali wa takriban maili 7, miaka 17 kabla ya ujenzi wa Reli ya Uganda kuanza Mombasa. Hapo mwanzo mabehewa yalikokotwa na nyumbu, hata mwaka 1881 likaagizwa gari la moshi dogo kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Haikuwa reli ya biashara. Ilikuwa ya kumpeleka Sultani na jamaa zake mapumzikoni. Alipofariki mwaka 1888 iling'olewa, kwani hapakuwa na mwingine mwenye haja nayo.

Reli ya pili ndiyo iliyotumiwa na watu wa kawaida. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ambayo pia ilihusika na kuleta taa za umeme mjini, ilianza kuijenga mwaka 1904, nayo ikaanza kazi mwaka 1905. Iliondokea karibu na Ngome Kongwe, ikapenya njia nyembamba za mji ambamo behewa lilipita karibu mno na kuta za nyumba, kisha ikafuata pwani ya kaskazini hadi kijiji cha Bububu, nako ni maili 7 vilevile. Jambo la kusikitisha, kwa sisi tunaoshughulika na uhifadhi wa majengo ya kale, ni kwamba mawe ya kasri la Beit el Ras, lililoanzwa na Seyyid Said, babake Barghash, yalibomolewa ili yatumike katika ujenzi wa njia hiyo.

Serikali iliinunua mwaka 1911. Abiria walikuwapo, wakiwamo wageni waliotelemka melini kutaka kuliona shamba, yaani nje ya mji, lakini mzigo mzito ulikuwa haba, kwa sababu karafuu nyingi za dola ile zilitoka Pemba, nazo zilifika Unguja kwa chombo cha baharini ambacho reli isingeweza kushindana nacho. Barabara zilipotengenezwa na motokaa kuongezeka, usafiri wa abiria ulisimamishwa mwaka 1922, na kwa muda ikabaki kazi ya kubeba mawe ya kujengea bandari.

Basi wanaouliza kama reli ya Lamu itafikwa na hayo wazingatie kwamba reli hiyo haikukusudiwa kuzunguka kisiwani: bandari yake iko bara, upande wa Magogoni, na shehena inayotarajiwa ni ya Ethiopia na Sudan Kusini. Ama atakayefika Unguja na kutaka kuufuata mwelekeo wa njia ya zamani, na apande daladala namba 502, ambayo hupita Maruhubi na Mtoni hadi Bububu.