Mzozo wa wajumbe katika mchujo wa urais: maana yake

Mjumbe wa chama ni mwanachama aliyepewa idhini ya kupiga kura kwa niaba ya wenzake katika mkutano mkuu unaomteua mgombea urais. Wanachama ni wengi mno kuingia ukumbi mmoja, kwa hivyo kila eneo hutuma watu wake, nao ndio wanaokwenda Kasarani au Bomas, mahali pa mikutano mikubwa jijini Nairobi, kupiga kura. Mama anayeuza omena Kondele ana kadi ya chama, lakini siku hiyo sauti yake iko mkononi mwa mtu aliyetumwa na tawi lake, na huenda hata hamjui mtu huyo.

Mzozo wa kanuni za wajumbe ni ugomvi juu ya mambo ambayo yangepaswa kumalizwa kabla ya siku hiyo. Nani anahesabiwa kuwa mjumbe? Eneo gani litume wangapi? Kura za wanachama wa kawaida zinageuzwaje kuwa idadi ya wajumbe? Na mjumbe akishafika ukumbini, analazimika kumchagua yule aliyetumwa amchague, au yuko huru? Ukisikia wafuasi wa mgombea fulani wakilia kwamba wameibiwa tiketi, yaani uteuzi wa chama, mara nyingi wizi unaozungumzwa umo ndani ya moja ya maswali haya. Huku kwetu Kenya tunakimbilia kuuita usaliti, tunamtaja msaliti kwa jina na kwa kabila, kisha hakuna anayefungua katiba ya chama kuona ni kifungu gani kilichochezewa. Hilo linaniudhi, kwa sababu kifungu kinaweza kurekebishwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani, mwaka 2008, na watu wengi wa Kisumu na Siaya waliufuatilia kwa sababu Barack Obama, ambaye babake alitoka Nyang'oma K'Ogelo, alikuwa akishindania tiketi ya chama cha Democratic na Hillary Clinton. Chama kilikuwa kimeamua kwamba majimbo manne tu, Iowa, New Hampshire, Nevada na South Carolina, ndiyo yangefanya mchujo kabla ya tarehe 5 Februari. Florida na Michigan zikakaidi, kila moja ikitaka kupiga kura mapema ili iwe na uzito. Kanuni zilisema jimbo linalokaidi lipoteze nusu ya wajumbe wake. Kamati ya Kanuni ya chama ikapita hapo, ikayapokonya majimbo hayo mawili wajumbe wote. Wagombea wakuu wakaahidi kutofanya kampeni huko, na kule Michigan Obama akaondoa hata jina lake kwenye karatasi ya kura. Clinton akaliacha lake.

Michigan walipiga kura tarehe 15 Januari 2008. Siku hiyohiyo Bunge la Kumi lilikuwa likikutana Nairobi kwa mara ya kwanza, likamchagua Kenneth Marende wa Emuhaya kuwa Spika, na nchi ilikuwa bado inawaka moto wa uchaguzi wa Desemba. Si ajabu kwamba wengi wetu hatukuijua habari ya Michigan hadi miezi kadhaa baadaye. Clinton alipata kama asilimia 55. Asilimia 40 hivi walitia alama kwenye sehemu ya wale wasiotaka kujifunga kwa mgombea yeyote aliyeorodheshwa. Wiki mbili baadaye Florida nayo ikapiga kura. Huko majina yote yalikuwepo, wapiga kura walizidi milioni moja na nusu, na Clinton akaongoza kwa asilimia 50 dhidi ya 33 za Obama.

Mambo yangeishia hapo kama mmoja wao angeshinda kwa mbali. Lakini mbio zilibanana, na kufikia Mei kambi ya Clinton ikadai wajumbe wa majimbo yale warudishwe. Hoja yao ilikuwa na uzito: watu walitoka majumbani, wakapanga foleni, wakapiga kura. Hata tarehe ya Florida ilipitishwa na bunge la jimbo lililokuwa mikononi mwa chama pinzani cha Republican, kwa hivyo mwananchi wa kawaida wa Democratic aliadhibiwa kwa kosa ambalo si lake. Kambi ya Obama nayo ilikuwa na hoja isiyopuuzika: mgombea aliyetii kanuni na kuondoa jina lake hawezi kuadhibiwa kwa utiifu huo. Na jambo moja liliwasumbua watu wa Clinton kila walipofungua mdomo. Harold Ickes, mmoja wa washauri wake wakuu, alikuwa ndani ya kamati ileile iliyopitisha adhabu, na yeye mwenyewe aliiunga mkono.

Tarehe 31 Mei kamati ilikaa Washington kutwa nzima, kukiwa na kelele za waandamanaji. Uamuzi ukatoka: wajumbe wa majimbo yote mawili warudi, lakini kila mmoja awe na nusu kura. Florida haikuleta shida kubwa. Tatizo lilikuwa Michigan. Ukifuata kura zilivyopigwa, Clinton alistahili wajumbe 73, na 55 wangebaki bila mwenyewe. Kamati ikampa Clinton 69, na Obama, ambaye hakuwa kwenye karatasi, ikampa 59. Wajumbe wanne walihamishwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa mapatano ya viongozi, na kwa nusu kura kila mmoja hizo ni kura mbili. Ickes alikasirika mbele ya kamera. Siku tatu baadaye, tarehe 3 Juni, Obama alivuka idadi iliyohitajika. Mkutano mkuu ulipofanyika Denver mwezi Agosti, majimbo yote mawili yalirudishiwa kura nzima, wakati ambapo hazikuweza tena kubadilisha chochote.

Kura mbili hazikuamua mshindi. Naieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inaonyesha jinsi kanuni inavyobadilika maana wakati wa kuibadilisha unapogeuka. Adhabu ya kupokonya wajumbe wote ilikuwa kali kupita kiasi tangu mwanzo, na naamini kamati ingebaki kwenye nusu kama ilivyoandikwa, vurugu nyingi zisingekuwepo. Lakini ukishajua nani amepata ngapi, kila pendekezo la kurekebisha kanuni lina jina la mgombea juu yake, hata likiwa la haki. Ni kama chama cha akiba kinachoamua kubadilisha utaratibu wa zamu baada ya nusu ya wanachama kuchukua pesa zao. Pendekezo linaweza kuwa jema kabisa, lakini wale ambao bado hawajalipwa watauliza kwa nini halikuletwa Januari.

Kuna ugomvi mwingine usio na kelele, nao uko kwenye hesabu. Chama cha Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano, na mgombea asiyefikisha asilimia 15 hapati kitu. Hesabu hiyo hufanywa eneo kwa eneo. Chukua eneo lenye wajumbe 4. Mgombea mmoja akipata asilimia 59 na mwenzake 41, wanagawana wawili kwa wawili, maana ili apate watatu lazima avuke asilimia 62 na nusu. Sasa chukua eneo la jirani lenye wajumbe 3. Hapo asilimia 51 inatosha kuchukua wawili. Anayeshinda kwa kishindo kwenye maeneo ya wajumbe 4 na kushindwa kwa kura chache kwenye yale ya 3 anaweza kuwa na kura nyingi zaidi na wajumbe wachache zaidi. Ilitokea Nevada mwezi Januari 2008: Clinton alishinda mikutano ya mchujo, ilhali mgawanyo wa wajumbe ulimpa Obama 13 na Clinton 12. Hakuna aliyeiba. Kambi ya Obama ilikuwa imesoma kanuni mapema na kupeleka nguvu mahali palipolipa. Chama cha Republican kina majimbo kadhaa ambako mshindi huchukua wajumbe wote, hata akishinda kwa kura chache, na huko ugomvi huchukua sura nyingine kabisa.

Halafu kuna wajumbe wanaoingia kwa cheo. Mwaka 2008 karibu mmoja kati ya kila wajumbe watano wa Democratic alikuwa mbunge, gavana au kiongozi wa chama ambaye hakufungwa na kura ya mtu yeyote. Manung'uniko juu yao yaliendelea hadi baada ya uchaguzi wa 2016, na mwaka 2018 chama kikabadilisha kanuni ili wasipige kura katika duru ya kwanza isipokuwa mshindi awe amekwisha kujulikana.

Msomaji wa Kakamega au Nakuru atatambua jambo hilo la mwisho mara moja. Vyama vyetu hutoa nafasi za ujumbe kwa wabunge, maseneta, magavana, madiwani, maafisa wa matawi, na viongozi wa vijana na wa akina mama. Watu hao wanaweza kuwa wengi kiasi kwamba aliyechaguliwa na wanachama wa wadi anabaki msindikizaji. Lakini ugomvi wetu mkubwa huwa kwenye orodha. Uchaguzi wa mashinani unafanyika, au unasemekana umefanyika, na kaunti moja inatoa orodha mbili: moja imetiwa sahihi na mwenyekiti wa tawi, nyingine na katibu wake. Wajumbe wanasafiri usiku kwa basi kutoka Kisumu, wanafika Kasarani alfajiri, na pale mezani mlangoni anakaa mtu mwenye karatasi za majina na nambari za vitambulisho. Anapitisha kalamu chini polepole. Jina halipo, na mahali pake pameandikwa la mtu mwingine wa wadi hiyohiyo. Beji zimekwisha kugawanywa. Wakati huo hakuna kamati ya kusikiliza malalamiko, kuna vijana wa ulinzi tu. Naamini orodha ya wajumbe ingebandikwa kwenye ofisi ya tawi wiki kadhaa kabla, kila mwanachama aione na aipinge akitaka, nusu ya fujo za Kasarani zingekwisha.

Gharama ya ugomvi huu tunaijua. Mwaka 1992 FORD, chama cha upinzani, ilikuwa na nafasi ya kweli ya kuing'oa KANU, chama tawala cha Rais Moi. Ikakwama kwenye swali la nani amteue mgombea urais. Kenneth Matiba, akiwa na Martin Shikuku wa Butere, alitaka kila mwanachama apige kura moja kwa moja. Upande wa Jaramogi Oginga Odinga ulitaka wajumbe. Kila upande ulikuwa na sababu za kanuni, na kila upande ulipendelea njia iliyoufaa: Matiba alikuwa na umati, hasa Nairobi na Mkoa wa Kati, na wenzake Jaramogi walitegemea zaidi mtandao wa matawi. Kambi moja ikakaa Muthithi House, nyingine Agip House, hadi vyama viwili vikasajiliwa, Ford-Asili na Ford-Kenya. Desemba hiyo Moi alirudi madarakani kwa kama asilimia 36 ya kura. Kura za Matiba na Jaramogi ukizijumlisha zilizidi asilimia 40. Tamaa za watu binafsi zilikuwepo, hakuna anayekataa. Lakini zilipata mlango kwa sababu chama hakikuwa na kanuni ya uteuzi ambayo pande zote ziliikubali kabla ya mbio kuanza.

Jaramogi alipofariki Januari 1994, Ford-Kenya ikarudi palepale. Michael Kijana Wamalwa akachukua uenyekiti, Raila Odinga akampinga, na mkutano wa wajumbe wa Thika mwaka 1995 ukavunjika kwa fujo. Raila akahamia chama cha NDP. Oktoba 2002 wajumbe wa KANU walikusanyika Kasarani kumwidhinisha Uhuru Kenyatta, aliyekuwa amekwisha kuchaguliwa na Moi, na siku hiyohiyo waliokataa utaratibu huo walikuwa Uhuru Park wakisikia Raila akitamka "Kibaki Tosha", yaani Mwai Kibaki anatosha kuwa mgombea urais wa upinzani. Kwa upande mwingine, tarehe 1 Septemba 2007 chama cha ODM kiliwaita wajumbe wake Kasarani, wakapiga kura, na zikahesabiwa: Raila 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Walioshindwa walibaki chamani na wakampigia kampeni aliyeshinda. Pengo lilikuwa kubwa, kweli, lakini pia hakuna aliyeweza kusema hakupewa nafasi ya kuhesabiwa.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2022, chama kinaweza kuteua wagombea kwa njia ya moja kwa moja, ambapo wanachama waliosajiliwa wanapiga kura, au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, ikiwemo wajumbe. Mwanachama anayeona jina lake limefutwa au kanuni imepindwa anaanza kwa kulalamika ndani ya chama chenyewe. Asiporidhika anakwenda kwenye Jopo la Kusuluhisha Mizozo ya Vyama vya Siasa, na akishindwa hapo anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Mwenye kwenda huko abebe barua yake ya malalamiko kwa chama, kwa sababu jopo litataka kujua kwanza kama alijaribu mlango wa ndani. Abebe pia katiba ya chama chake. Kila chama kilichosajiliwa hulazimika kuiwasilisha kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, na sehemu inayohusu mkutano mkuu wa wajumbe husema nani anastahili kuketi ndani ya ukumbi ule.