Vipaumbele vya utafiti kwa jicho la mgonjwa: mfano wa osteoporosisi

Kipaumbele cha utafiti ni swali linalopewa fedha, muda na watu kabla ya maswali mengine. Fedha hazitoshi kila swali, kwa hiyo lazima awepo wa kuchagua, na kwa miaka mingi waliochagua ni maprofesa, kampuni za dawa na serikali zenye uwezo. Vipaumbele kwa mtazamo wa wagonjwa ni pale mwenye ugonjwa, pamoja na anayemuuguza nyumbani, anapoketi kwenye kikao hicho hicho na kusema: swali langu mimi ni hili, tuanze nalo. Si sawa na kutolewa damu au kujaza fomu ya mtafiti. Kule mgonjwa anajibu, huku anauliza.

Ugonjwa wa mifupa kudhoofika, osteoporosisi, unaonyesha vizuri kwa nini jambo hili lina uzito. Mfupa ni kitu hai. Kila siku zipo seli zinazobomoa mfupa mkongwe na nyingine zinazojenga mpya. Hadi karibu umri wa miaka 30 wajenzi huwa mbele, kisha wabomoaji wanaanza kuwapita. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni hushuka na mfupa hupungua kwa kasi kwa miaka kadhaa. Vitundu vya ndani hupanuka na kuta zake hukonda, kama jiwe la matumbawe lililoliwa na chumvi. Kwa nje huoni kitu, na mtu haumwi. Hata pingili za uti wa mgongo huvunjika kimyakimya, watu wa nyumbani wakaona tu kwamba mama amepungua kimo na mgongo umeanza kupinda, wakasema ni uzee. Inakadiriwa kwamba mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 5 waliopita miaka 50 watavunjika mfupa kwa sababu hii maishani mwao.

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa kuutambua: mtu hupigwa picha maalumu kwa mashine ya DXA, mfupa wake ukalinganishwa na wa kijana mwenye afya, na akipata alama ya T ya -2.5 au chini yake anahesabiwa kuwa na osteoporosisi. Tangu hapo tafiti nyingi zimejengwa juu ya alama hiyo na juu ya hesabu ya mivunjiko. Dawa ikipandisha alama na kupunguza mivunjiko, mtafiti ameridhika, na ana haki. Mgonjwa naye anataka hayo, lakini ana mengine ambayo hayamo kwenye hesabu.

Chukua gati la Lamu, kisiwa chetu cha pwani ya Kenya. Wakati wa bamvua maji yakitoka, ngazi za chini hubaki wazi, zina utelezi wa mwani, na boti iko chini huko inayumba. Bibi aliyewahi kuvunjika mkono akisimama juu ya ngazi zile hafikirii alama ya T. Anafikiria mguu wa kwanza atauweka wapi na nani atamshika. Akishindwa mara mbili tatu, anaacha safari ya Mokowe, ng'ambo ya bara. Baadaye anaacha arusi za mtaa wa pili kwa sababu kichochoro kina mfereji na punda wanapita, halafu anaacha hata kupanda ghorofa ya juu ya nyumba yake, maana daraja (ngazi) za nyumba zetu ni ndefu na nyembamba. Misuli ya mtu asiyetoka hulegea, na mwenye misuli iliyolegea huanguka kwa urahisi zaidi. Hofu ya kuanguka, basi, ni sehemu ya ugonjwa na inastahili utafiti wake.

Yako maswali ambayo mtafiti wa mbali hawezi kuyawaza, kwa sababu yeye haishi maisha hayo. Alendroneti, kidonge kinachotumika sana na ambacho wengi hukimeza mara moja kwa wiki, humezwa mtu anapoamka, tumbo likiwa tupu, kwa gilasi nzima ya maji matupu. Kisha mtu akae wima, asilale wala asile, kwa angalau nusu saa, la sivyo kidonge kinaweza kuchoma umio au chakula kikaizuia dawa isiingie mwilini. Sasa sikiliza swali la mama mmoja kwa muuguzi:

“Mwanangu, Ramadhani hiki nitakimeza saa ngapi?”

“Amka mapema kabla ya daku, Bi. Umeze, ukae wima, ndipo ule.”

“Na mimi nala futari, nala tena saa nne za usiku. Hilo tumbo litakuwa tupu?”

Muuguzi anaweza kumsaidia kupanga. Lakini ni wanawake wangapi huiacha dawa mwezi mzima kwa kuona haipangiki, na wangapi hawairudii Shawwal ikiingia? Hilo ni swali kamili la utafiti, na linaweza kujibiwa bila maabara yoyote.

Sala nayo ina swali lake. Wataalamu wa mazoezi huwatahadharisha wenye pingili dhaifu wasipinde mgongo mbele mara kwa mara. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, na kila rakaa ina sijida mbili. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kusali ameketi, hilo kila mtu analijua. Bibi anachotaka kujua ni lini mgongo wake umefika hapo, na kama ipo namna ya kwenda sijida ambayo inauhifadhi. Kwa maoni yangu swali hili moja lina thamani kuliko kulinganisha tena dawa mbili zinazokaribiana, kwa sababu linagusa kila siku ya maisha yake.

Na jua je? Ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, na vitamini hiyo ndiyo inayousaidia utumbo kuchukua kalsiamu kutoka kwenye maziwa, dagaa au simsim. Nyumba za kale za mawe zina kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu, ambapo mwanamke hukaa bila buibui. Je, kukaa kiwandani asubuhi kunatosha kwa mwanamke wa miaka 70? Jirani anayeishi chumba kimoja kisicho na ua afanye nini?

Huko Uingereza wameshaanza kuuliza hivi kwa utaratibu. James Lind Alliance, iliyoanzishwa mwaka 2004, huwakutanisha wagonjwa, wanaowauguza na watabibu. Jina ni la daktari wa meli aliyewapa mabaharia wagonjwa tiba tofauti mwaka 1747 akaona machungwa na malimau ndiyo yaliyowafaa wenye kiseyeye. Maswali hukusanywa kwa watu, yale yenye majibu tayari yakaondolewa, yaliyobaki yakapigiwa kura, na mwisho kikao kikachagua 10 ya juu. Hatua ya kuondoa yaliyojibiwa naipenda hasa, kwa kuwa inafichua kwamba mara nyingi jibu lipo na mgonjwa hakuambiwa.

Uchunguzi wa maoni kuhusu osteoporosisi uliochapishwa huko mwaka 2017 ulitoa picha hiyo hiyo. Waliojibu waliweka juu kabisa kupata ushauri na maelezo kwa urahisi kutoka kwa wahudumu wa afya, wakataka pia kujua zaidi usalama na faida za dawa, na kugundua ugonjwa mapema. Hilo la usalama si woga wa bure. Denosumabu, sindano ya kila miezi 6, ikiachwa bila dawa nyingine kushika nafasi yake, mfupa hupotea upesi na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja. Kwa mtu wa kisiwani ambaye sindano inaweza kumchelewea, hili lazima lijulikane kabla ya sindano ya kwanza.

Hata hivyo orodha ya Uingereza haiwezi kuletwa Lamu ikabandikwa ukutani. Mashine za DXA Kenya ni chache na ziko miji mikubwa. Kipo kikokotoo cha FRAX, kilichotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, kinachoweza kukadiria hatari hata bila picha. Lakini hesabu zake hutegemea takwimu za mivunjiko za nchi husika, na aliyepelekwa kwa muunga mifupa mtaani haingii kwenye daftari la hospitali. Kwa hiyo sisi tungeanzia nyuma zaidi: nani anavunjika, wapi, na baada ya kufungwa plasta anaambiwa nini? Mvunjiko wa kwanza huongeza hatari ya wa pili karibu maradufu. Mtu akirudishwa nyumbani na plasta tu, mfupa umeungwa na ugonjwa umeachwa. Nyonga ni mbaya zaidi: katika tafiti nyingi, kati ya asilimia 20 na 30 ya wazee waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja.

Kuwauliza watu wetu hakutafaa kwa fomu ya mtandaoni. Wanawake waulizwe nyumbani au wanapokutana kwa maulidi na hitima, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na anayetoka Pate au Faza alipiwe nauli ya boti. Wanaume waulizwe barazani, maana wengi wanadhani ugonjwa huu ni wa kina mama. Yakiandikwa, wasomewe tena ili waseme kama ndivyo walivyosema.

Njia ya kufanya hivyo si ngeni pwani. Katika kaunti ya Kilifi, ambako Malindi ipo, kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kina wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wakazi wenyewe, ambao hukutana na watafiti na kupeleka maoni ya vijiji vyao. Mpango kama huo ukianzishwa Lamu, swali la kidonge na daku linaweza kuwa miongoni mwa ya kwanza kupelekwa kwa wenye fedha za utafiti.