Redio ya saa ya chini ya kabati: transfoma haitakusaidia

Tangu wizara zilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba nyingi mpya za Ilazo, Kisasa na Iyumbu zimejengwa zikiwa na kabati za ukutani jikoni. Pamoja na kabati hizo imekuja hamu ya redio ya saa inayofungwa kwa skrubu chini ya kabati, ili kaunta ibaki wazi na mpishi asikilize taarifa ya habari huku mikono yake imejaa unga. Redio za namna hii si bidhaa ya kila duka, hivyo wengi huletewa na ndugu walioko nje au hununua zilizokwisha kutumika, na zinapofika mezani kwangu huwa zimekwisha kuzungukwa na maneno mengi yasiyo ya kweli.

Neno ninalolisikia kuliko yote, na linalonichosha kuliko yote, ni hili: "Ni ya Marekani, lakini nitaiwekea transfoma." Linachosha kwa sababu nusu yake ni kweli. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60. Transfoma ya kushusha umeme hushughulikia volti peke yake. Hezi huzipokea 50 na kuzitoa 50. Redio itaimba vizuri, na mwenye nayo ataamini kwamba amemaliza kazi, hadi atakapoitazama saa.

Saa nyingi za redio zinazochomekwa moja kwa moja kwenye soketi hazitumii kristali ya kwatzi kupima muda. Huhesabu mizunguko ya umeme wenyewe, na saa iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani husubiri mizunguko 60 ndipo ihesabu sekunde moja. Ikipewa mizunguko 50 kwa sekunde, itachelewa dakika kumi katika kila saa. Irekebishe saa sita kamili mchana, nayo itakapotimia saa kumi na mbili jioni itakuonyesha saa kumi na moja. Kesho yake mchana itakuwa nyuma kwa saa nne. Wateja huniambia, "Fundi, saa imechoka, badilisha betri," ilhali betri haihusiki hata kidogo. Wengine hunijia wakiwa wamekwisha kununua transfoma ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, jambo ambalo limemfaa muuzaji wa transfoma peke yake.

Dawa ipo kwa baadhi ya redio tu. IC za saa za zamani (chipu zinazoendesha saa), kama LM8560, zina mguu maalumu wa kuchagua hezi 50 au 60, na fundi anayeweza kuusoma mchoro atabadilisha muunganisho wake kwa kazi ndogo. Redio isiyo na nafasi hiyo haina matengenezo ya gharama nafuu. Kuna kasoro nyingine pia ambayo transfoma haiigusi: vituo vya FM vya Marekani viko kwenye desimali witiri, kama 88.1 na 88.3, kwa hiyo redio ya dijiti iliyopangwa kufuata utaratibu huo, ikiwa haina swichi ya kubadili hatua za kutafuta vituo, itakiruka kituo kilichoko kwenye 98.4 kana kwamba hakipo.

Kwa hiyo igeuze redio uisome lebo kabla hujatoa fedha. Ikiwa imeandikwa AC 120V 60Hz peke yake, irudishe ilipokuwa, hata kama bei yake ni ya kutupa. Ikiwa imeandikwa 230V 50Hz, ichukue bila wasiwasi. Iliyotoka Uingereza huja hata na plagi ya pini tatu bapa inayoingia kwenye soketi zetu. Ikiwa inatumia adapta ya nje, soma pia sehemu iliyoandikwa OUTPUT. Penye DC, saa haina mizunguko ya kuhesabu, hivyo ina kipima muda chake, nawe utahitaji tu adapta ya hapa yenye volti zilezile, ampea zisizopungua, na chanya na hasi zilizo upande uleule. Penye AC, tatizo la hezi linaweza kuwa lilelile.

Dhana kwamba betri itaichezesha redio umeme ukikatika nitaieleza kwa ufupi. Betri ya volti 9, au ile ya kidonge, iliyomo ndani ya redio hizi kwa kawaida huhifadhi saa na vituo umeme unapokatika, haichezi redio. Anayetaka kusikiliza gizani anunue redio ndogo ya betri na kuiweka kando.

Vilevile, saa inayodaiwa kujirekebisha yenyewe haina faida hapa. Nyingine huwekwa majira ya Marekani kiwandani na kujisogeza saa nzima kila Machi na Novemba, jambo ambalo Tanzania hatulifanyi; nyingine hutegemea mawimbi ya redio yanayotangaza saa, ya WWVB kutoka Colorado, Marekani, au DCF77 kutoka Ujerumani, na Dodoma iko mbali mno na mitambo hiyo. Kuhusu nguvu ya wati 200 zinazochapishwa kwenye baadhi ya maboksi, spika ya ukubwa wa kiganja haiwezi kuzibeba, basi tuziache hapo.

Redio inapokwaruza, lawama huangukia antena, wakati mara nyingi antena bado imefungwa kitita kwa kile kiwaya chake, vilevile ilivyotoka kiwandani. Wimbi la FM kwenye megahezi 100 lina urefu wa mita 3 hivi, na robo yake ni sentimita 75, kwa hiyo waya huo unatakiwa unyooshwe nyuma ya kabati, mbali na chuma. Kisha zima taa ya LED ya chini ya kabati na uchomoe chaja ya simu. Kelele ikikoma, mkosaji amejulikana.

Wapo pia wanaoamini kwamba mahali pazuri ni juu ya jiko, kwa kuwa ndipo mpishi anaposimama. Joto la gesi hulegeza plastiki, na mafuta ya kukaangia hupanda na mvuke yakaganda kwenye spika inayotazama chini, kisha vumbi letu la kiangazi likashika juu yake hadi vitufe vikagoma kubonyezeka. Ifunge upande wa sinki au wa kukatia mboga, pasiporukiwa na maji, na kabla ya kutoboa pima unene wa ubao, maana skrubu nyingi za kwenye boksi ni ndefu na zitatokeza ndani ya kabati, palipo na vikombe.