Mazoea yana taabu: dhana potofu kuhusu mtihani wa leseni ya pikipiki

Siku ya mtihani, mtu anayenitia wasiwasi si yule aliyeshika klachi kwa mara ya kwanza wiki tatu zilizopita. Ni yule aliyeendesha miaka mingi bila leseni. Anafika akiamini kwamba amekuja kukamilisha taratibu tu. Anawasha, anaondoka vizuri, na kwenye koni ya tatu kati ya zile zilizopangwa uwanjani mguu unagusa chini. Anashuka hajui kosa limetoka wapi. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya mgeni kabisa anayesikiliza ushauri wa kila mtu, nimeona niandike yale ninayoyasikia mara kwa mara na yaliyo kweli.

"Kuendesha nilishajua, mtihani ni karatasi tu"

Kuifikisha pikipiki unakokwenda ni jambo moja, kuitawala ni jambo jingine. Makosa ya mazoea hujificha kwa sababu bado hayajaleta ajali: kukanyaga breki ya nyuma peke yake, kutazama tairi la mbele ukiwa kwenye kona, kuhama upande kwa kutegemea kioo tu, kusahau indiketa ikiwaka baada ya kukata kona. Mtahini huyaona yote hayo ndani ya dakika chache.

Mwaka 1981, nchini Marekani, timu ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California ilitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hizo walikuwa wamejifunza wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Kilichonigusa zaidi katika ripoti ile ni jinsi walivyojaribu kujiokoa. Kwa kawaida mwendeshaji alikuwa na muda usiofika sekunde mbili, na wengi waliutumia kubana breki ya nyuma hadi tairi likaburuzika, huku ile ya mbele wakiigusa kidogo mno. Uwezo wa kukwepa kwa usukani karibu haukuwepo. Kufunga breki ya ghafla na kukwepa kizuizi ndiyo mambo ambayo mitihani mingi ya pikipiki inayapima leo, na ripoti hiyo inaonyesha wazi umuhimu wake.

"Usiguse breki ya mbele, itakupindua"

Kama ningeweza kufuta dhana moja tu, ningefuta hii. Wanafunzi huja nayo kutoka nyumbani, wamepewa na mtu anayewapenda na anayetaka wawe salama.

Ukifunga breki, uzito mwingi husogea mbele. Tairi la mbele hukandamizwa barabarani na kushika zaidi, la nyuma hubaki jepesi na kuteleza kwa urahisi. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele huchangia takriban asilimia 70 ya nguvu ya kusimamisha pikipiki, na mara nyingine zaidi. Anayeitupa breki hiyo ametupa sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusimama.

Kweli, wapo wanaoanguka kwa breki ya mbele. Huanguka kwa sababu waliinyakua kwa mshtuko kabla uzito haujahamia mbele, au waliibana usukani ukiwa umekatwa, au walikuwa juu ya mchanga. Dawa yake ni namna ya kuibana. Pikipiki iwe wima kwanza, usukani ukiwa umenyooka. Bana kama unayekamua chungwa, ukiongeza nguvu kadiri unavyohisi sehemu ya mbele ikikaa chini, na breki ya nyuma ikisaidia kwa mbali. Klachi ivutwe mwishoni, kabla injini haijazimika. Macho yawe mbele, maana ukitazama chini mwili wote hufuata. Anza na kilomita 20 kwa saa, kisha 30. Usiende 50 mpaka mkono ufanye haya bila kuambiwa. Uingereza, kwa mfano, breki ya ghafla hupimwa kwa mwendo wa angalau kilomita 50 kwa saa, na hakuna anayeweza kuifikia hatua hiyo kwa mazoezi ya asubuhi moja.

Pikipiki yenye ABS, yaani mfumo unaolegeza na kubana breki wenyewe, huzuia tairi kujifunga, lakini haikupunguzii kazi ya kubana mapema na kwa nguvu inayotosha.

"Polepole ni rahisi, kasi ndiyo ngumu"

Jaribu kupita kwenye ubao mwembamba kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nchini Japani, anayeomba leseni ya pikipiki kubwa hupita juu ya daraja lenye urefu wa mita 15, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 5 tu, na anatakiwa atumie sekunde 10 au zaidi. Akidondoka, amefeli. Waliotunga kipimo hicho walijua kwamba pikipiki ikiwa na kasi hujishikilia yenyewe, ikiwa polepole hushikiliwa na wewe.

Siri iko sehemu tatu. Klachi iwe pale inapoanza kushika, isiachwe yote wala kuvutwa yote. Moto, yaani gesi unayoizungusha kwa mkono wa kulia, uwe wa kutosha na usiobadilikabadilika, na mwendo upunguzwe kwa breki ya nyuma iliyoguswa kidogo. Hapa, kwenye mwendo wa kutembea, breki ya mbele ndiyo ya kuachwa, hasa usukani ukiwa umekatwa. Pengine hapo ndipo ile dhana ya juu ilipozaliwa: ushauri mzuri wa kwenye koni ulipelekwa barabarani.

Sehemu ya tatu ni macho. Ukitazama koni utaigonga. Katika kugeuka nyuma kwenye nafasi finyu, kichwa kigeuke mpaka kidevu kikaribie bega, uangalie unakotaka kutokea. Nimeona watu waliohangaika siku nne na kuzunguka koni kwa umbo la namba nane wakaliweza ndani ya nusu saa baada ya kuinua macho tu.

"Ukitaka kwenda kulia, kata usukani kulia"

Kwa mwendo wa kutembea, ndiyo. Ukivuka takriban kilomita 20 kwa saa mambo hubadilika: unasukuma mkono wa kulia wa usukani uende mbele, pikipiki inalala kulia, na inakwenda kulia. Watu hubisha hadi wanapojaribu. Wilbur Wright, mmoja wa ndugu wawili walioruka kwa ndege ya kwanza yenye injini, aliliona hili kwa waendesha baiskeli, na alishangaa kuona kuwa wengi wanalifanya bila kujua. Kulifanya bila kujua hutosha kwenye kona ya kawaida. Kwenye kipimo cha kukwepa, ambako unapewa mita chache tu, lazima ujue mkono upi usukume. Na usichanganye: kwepa kwanza, nyoosha, halafu ndipo ufunge breki.

"Nadharia ni kukariri alama"

Alama ni za kukariri, sawa, na zinamalizika kwa jioni chache. Yanayoangusha watu ni maswali ya kukadiria na kutabiri. Kwa kilomita 50 kwa saa pikipiki hutembea takriban mita 14 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kuzubaa ni mita 14 kabla hata hujagusa breki. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki huwa mara nne, si mara mbili. Ukielewa hilo huhitaji kukariri jedwali lolote.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Mtahiniwa huonyeshwa video 14 za barabarani na kubonyeza mara anapoona hatari inaanza kujitokeza. Alama ni 75 kwa jumla na anatakiwa apate 44. Hata kama mtihani wako hauna video, jizoeze hivyo ukiwa abiria: sema kwa sauti unachokiona kabla hakijatokea. Mpira umedunda barabarani, nyuma yake kuna mtoto. Gurudumu la mbele la gari lililoegeshwa limeanza kugeuka.

Kuna mengine madogo. Wengi huamini kosa moja linatosha kukuangusha, kwa hiyo wakikosea kidogo hukata tamaa na kuharibu yote yaliyobaki. Kosa la hatari ndilo linalomaliza mtihani. Madogo mara nyingi huhesabiwa: Uingereza huruhusu hadi 5 kwenye sehemu ya uwanjani na hadi 10 kwenye ile ya barabarani. Wengine hudhani kutazama vioo kunatosha. Vioo huacha eneo lisiloonekana pembeni yako, kwa hiyo kichwa lazima kigeuke kabla ya kuhama, na kigeuke kwa dhati, kwani unatafuta gari lililo karibu na bega lako. Na usikubali kupewa pikipiki ngeni asubuhi ya mtihani hata ikiwa mpya na nzuri. Klachi yake hushika mahali pengine, na vidole vyako vimezoea pale pa zamani.

"Ukifeli, hufai kuendesha"

Hili hunisikitisha kulisikia, kwa sababu wapo wanaoacha kabisa, na wapo wanaorudi kuendesha bila leseni. Aliyefeli amepewa taarifa ambayo hakuwa nayo jana. Mwombe mtahini akueleze alipoona tatizo, na uliandike siku hiyohiyo kabla kumbukumbu haijachanganyika na aibu. Kama ulianguka kwenye koni, usirudie mtihani mzima katika mazoezi, rudia koni. Dakika 20 kila siku kwa wiki moja zitakusaidia kuliko saa tano za siku moja, kwa kuwa mkono uliochoka wa klachi hujifunza kukosea. Kila mara unapoketi, kabla ya kuwasha, angalia matairi, cheni, breki zote mbili na taa, ufunge mkanda wa kofia yako mpaka kidole kimoja tu kipite chini yake.